Ugumu wa Grini na Mbio Zake

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri wa gazeti letu alipotutaka tuandike habari za michezo, nilijua ya kuwa wenzangu wengi wataandika juu ya mpira wa miguu, netiboli na riadha. Mimi nimechagua gofu, mchezo ambao hapa shuleni hauchezwi. Na katika gofu nimechagua jambo moja tu, nalo ni ile sehemu ya majani mafupi sana yenye shimo na bendera, iitwayo grini. Nataka kueleza mambo mawili ya grini ambayo watu huyachanganya kila siku, hata wachezaji wenyewe, yaani ugumu wake na mbio zake. Kuchanganywa kwa mambo hayo kulikaribia kumkosesha mjomba wangu kazi, na ndiyo sababu nimepata kuyajua.

Kwanza niwaeleze wasioujua mchezo huu. Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Mchezaji huupiga mpira kwa fimbo kutoka mbali mpaka aufikishe kwenye grini, kisha hushika fimbo nyingine iitwayo pata, akausukuma taratibu hata uingie shimoni. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Basi grini hukutana na mpira kwa njia mbili. Mara ya kwanza mpira unashuka kutoka angani, na mara ya pili unabingirika chini. Ugumu ni jinsi grini inavyoupokea mpira unaoanguka. Mbio ni jinsi inavyouachia mpira unaobingirika. Wachezaji husema grini ina mbio mpira ukisukumwa kidogo ukaenda mbali, na husema ni nzito mpira ukisimama mapema.

Watu wengi hudhani ya kuwa grini ngumu lazima iwe na mbio, na yenye mbio lazima iwe ngumu. Sivyo. Mtu yeyote aweza kujaribu jambo hili nyumbani. Tandika gunia juu ya sakafu ya saruji, kisha angusha mpira mdogo juu yake. Utaruka, maana chini pana saruji. Sasa ubingirishe mpira uo huo juu ya gunia. Utakwenda kidogo tu na kusimama, kwa kuwa nyuzi za gunia zinauzuia. Hiyo ni ngumu isiyo na mbio. Kisha chukua udongo wa mfinyanzi, uutandaze kwa unene wa vidole vinne, uulainishe juu kwa ubao, uache upate upepo kidogo. Angusha mpira, utatia kishimo na kukaa pale pale. Ubingirishe taratibu, nao utakwenda mbali kwa sababu uso wa udongo ni laini. Hiyo ni yenye mbio isiyo na ugumu. Mimi nalifanya majaribio hayo nyuma ya jiko la nyumbani, na wadogo zangu wakadhani nimerudi utotoni.

Mbio za grini hupimwa kwa kifaa kinachoitwa stimpimita. Jina hilo limetokana na Edward Stimpson, Mmarekani aliyekitengeneza baada ya kutazama mashindano ya wazi ya Marekani huko Oakmont, Pennsylvania, mwaka 1935. Aliona mipira ya mabingwa ikipita shimo na kutoka kabisa kwenye grini, akaona inafaa mbio hizo zipimwe badala ya kubishaniwa. Kifaa chenyewe ni mwamba wenye mfereji, urefu wake inchi 36. Siku hizi hutengenezwa kwa alumini. Mpira huwekwa kwenye kitundu karibu na ncha ya juu, kisha mwamba huinuliwa polepole. Ukifika mwinamo wa digrii 20 hivi mpira hujiondokea wenyewe. Hupimwa mipira mitatu kwenda upande mmoja na mitatu kurudi, na wastani wa urefu iliyokwenda, kwa futi, ndiyo mbio za grini ile. Chama cha gofu cha Marekani kilipopima grini 1,500 hivi katika miaka ya sabini, kilipata wastani wa futi 6 na nusu. Leo katika mashindano makubwa si ajabu kusikia futi 12 au zaidi.

Ugumu nao una vipimo vyake. Kimoja ni nyundo ya Clegg, iliyobuniwa na Baden Clegg wa Australia katika miaka ya sabini kwa ajili ya kupimia udongo wa barabara. Uzito huangushwa ndani ya bomba, na kifaa husoma jinsi ardhi ilivyousimamisha kwa ghafula. Kingine huangusha kichwa cha mviringo kama mpira, kisha hupima kina cha kishimo kilichobaki. Lakini vipimo hivi havina umaarufu kama stimpimita. Stimpimita hutoa tarakimu moja ambayo kila mtu aweza kujivunia kwenye ukumbi wa klabu. Hapo ndipo taabu huanzia.

Tuangalie mambo hayo mawili hupatikanaje. Mbio hupatikana juu. Shusha kisu cha mashine ya kukatia majani, pitisha rola, punguza mbolea, na katika siku chache mpira utakwenda mbio. Ugumu hupatikana chini, nao hauji kwa amri. Majani ya grini yanapokua, mabua na mizizi iliyokufa hujilimbika chini yake, ikafanya kitu kama godoro. Godoro hilo hunywa maji na kuyashika. Mtunzaji hana budi kulitoboa na kulijaza mchanga, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka maji yapate njia ya kushuka. Tena hana budi kumwagilia kwa kiasi. Ndiyo maana viwanja vya kale vya Scotland, vilivyo juu ya mchanga wa pwani, vimekuwa vigumu tangu asili. Mzee Tom Morris, aliyezaliwa St Andrews mwaka 1821 na kufariki mwaka 1908, alikuwa mtunzaji wa uwanja wa huko, na alijulikana kwa kumwaga mchanga juu ya grini zake. Na chama cha gofu cha Marekani kilipotoa mwongozo wake wa kujenga grini mwaka 1960, kilitaka tabaka la mchanga la inchi 12 juu ya kokoto, ili maji ya ziada yapate pa kwenda.

Sasa nije kwa mjomba wangu. Yeye ni kaka yake mama, naye ameitunza grini ya klabu moja ya mkoani kwetu kwa miaka mingi. Hakusoma sana, lakini kila jioni huandika katika daftari urefu wa kisu, saa alizofungulia maji, na hali ya majani. Ndiye anayeninunulia sare, viatu na madaftari tangu baba alipofariki. Kila likizo hukaa kwake, na alfajiri humfuata kazini kumsaidia kuokota majani na kufagia umande. Umande hufagiwa kwa ufito mrefu kabla jua halijapanda, maana ugonjwa wa majani hupenda unyevu.

Mwaka juzi, kabla ya mashindano ya kikombe cha klabu, mgeni mmoja aliwaambia wanakamati ya kuwa katika viwanja vikubwa grini zina mbio za futi 12. Wakaazima stimpimita, wakapima grini zao, wakapata futi 7. Waliona haya. Wakamwita mjomba, wakamwambia washindani wanakuja mwisho wa Agosti, kwa hiyo kisu kishushwe kutoka milimita 5 hadi 3, na rola ipite kila siku.

Mjomba aliwajibu kwa adabu. Aliwaambia ya kuwa majani yao ni ukoka wa zamani, si ule ukoka mfupi wa kisasa uliozalishwa Tifton, Marekani, na ya kuwa katika miezi ya baridi ukoka hukua polepole. Jani ndilo jiko la mmea, alisema. Ukilikata lote, mizizi italala njaa. Wakamwambia asiwe na wasiwasi, atie maji mengi. Basi akashusha kisu kama alivyoamriwa, akafungulia maji kila jioni ili majani yasife kabla ya mashindano, na yote akayaandika.

Siku ya mashindano nilikuwapo. Stimpimita ilionyesha futi 10 na wanakamati wakapeana mikono. Lakini mtu aliyetazama kwa makini aliona jambo la ajabu. Mipira iliyopigwa kutoka mbali ilianguka na kukaa pale pale ilipoangukia, ikitia vishimo vya kutosha kuweka yai. Aliyepiga vizuri mpira wake ulikaa. Aliyepiga vibaya, kutoka kwenye majani marefu, wake nao ulikaa. Ardhi ile ya tepetepe haikumwuliza mtu umetoka upande gani, wala ulifikiri nini kabla ya kupiga. Kisha wote walipokwisha fika karibu na shimo ndipo taabu ilipowapata, kwa kuwa mpira uliosukumwa kidogo ulipita shimo futi sita. Tena ulirukaruka juu ya vile vishimo. Mjomba alisimama chini ya mkorosho akaniambia, "Mwanangu, wamepata mbio, wamekosa ugumu. Hapa mwerevu na mjinga wanalipwa mshahara mmoja, halafu wote wawili wanaibiwa mlangoni."

Wiki mbili baadaye grini tatu zilikuwa na mabaka ya rangi ya majivu. Katika wiki ya tatu zilifungwa. Kamati ikampa mjomba barua ya kujieleza kwa maandishi ndani ya siku saba, kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuua majani ya klabu.

Sijapata kuiona nyumba ile kimya kama jioni ile. Shangazi aliitia barua chini ya kitambaa cha meza kana kwamba kuificha kungeiondoa. Mjomba hakusema neno, alinipa daftari lake. Mwandiko wake ni wa haraka na kalamu yake huvuja, kwa hiyo nilikaa kwenye taa nikanakili kurasa 11 kwa mwandiko safi, kila siku na urefu wa kisu, saa za maji na jina la cheo cha aliyetoa amri. Hatukuongeza neno la kujitetea. Mjomba alisema tarakimu zikisimama zenyewe hazihitaji mkongojo.

Kamati iliisoma, ikakaa, ikamwacha kazini. Haikumwomba radhi. Vibarua wawili waliokuwa wakifanya kazi naye walisimamishwa, kwa sababu grini zilipofungwa ada za wachezaji zilipungua, nao hawajaitwa tena mpaka leo. Hao hawakushusha kisu wala hawakuamuru kishushwe. Mmoja wao sasa anauza mkaa karibu na stendi, na kila nikipita humwamkia shikamoo, naye huniuliza habari za grini kwanza kabla ya habari za masomo.

Mvua za vuli zilipoanza, mjomba alipanda upya ukoka kwa mkono, kipande kwa kipande. Kisha akaomba jambo moja tu, malori mawili ya mchanga wa mto uliochekechwa. Akazitoboa grini tatu tatu kwa uma, akazijaza mchanga, akapunguza maji, akarudisha kisu kwenye milimita 5. Mwaka uliofuata stimpimita ilionyesha futi 8. Baadhi ya wanachama walinung'unika, na hata sasa wananung'unika. Lakini mpira ulioanguka uliruka na kwenda mbele, na kila mtu alilazimika kufikiri. Kikombe kilichukuliwa na mzee mmoja mwenye nguvu chache, ambaye hawezi kuupeleka mpira juu sana. Yeye aliuangusha mbele ya grini, mahali alipopachagua, akauacha utembee wenyewe hadi karibu na bendera. Vijana wenye mapigo makubwa walilenga bendera moja kwa moja, na mipira yao ikaruka ikaangukia nyuma. Mwaka uliotangulia mzee yule hakuwa hata katika kumi bora.

Jambo hili si la klabu ndogo tu. Katika mashindano ya The Open ya mwaka 2006 huko Hoylake, Uingereza, kiangazi kilikuwa kikali, uwanja ukakauka ukawa na rangi ya mchele wa mawele, na ardhi ikawa ngumu. Tiger Woods alitambua ya kuwa nguvu si kitu pale. Katika mashimo 72 alitumia ile fimbo kubwa ya kupigia mbali mara moja tu, akapiga mipira ya chini inayotua na kutembea, naye akashinda kwa mapigo 18 chini ya kiwango. Ugumu ule ulifanya watu waone akili yake.

Kwa upande wa pili, mbio zikizidi huleta mashaka yake. Grini nyingi za zamani zilijengwa na miteremko mikubwa wakati majani yalipokuwa marefu zaidi. Majani yakifupishwa mno, mpira hausimami tena kwenye mteremko, na mwenye uwanja hulazimika kuusawazisha, akapoteza uzuri wa kazi ya wazee. Upepo nao huingia katika hesabu. Siku ya Jumamosi, tarehe 18 Julai 2015, huko St Andrews mashindano yalisimamishwa kwa zaidi ya saa kumi kwa sababu upepo ulikuwa ukiisogeza mipira iliyokwisha simama kwenye grini. Mashindano yale yalimalizika Jumatatu. Na hapo watunzaji wa St Andrews hupunguza mbio za grini zao makusudi, kwa kuujua upepo wa pwani yao.

Wazee wa Afrika Mashariki waliocheza gofu zamani walilijua jambo hili kwa njia yao. Viwanja vingi vyetu havikuwa na grini za majani, maana maji yalikuwa haba. Mahali pa grini waliweka mchanga uliochanganywa na mafuta juu ya ardhi iliyoshindiliwa, wakapaita brauni kwa sababu ya rangi yake. Kila kundi lilipomaliza, kedi aliburuta ubao au gunia kuusawazisha mchanga kwa ajili ya wanaofuata. Mzee mmoja aliyekuwa kedi wakati huo aliniambia ya kuwa walijifunza kuutazama mchanga kabla ya kuutazama mpira. Chini palikuwa pagumu, juu palikuwa pazito, na hakuna aliyeyachanganya mambo hayo mawili, kwa sababu yalionekana kwa macho.

Sina chuki na mbio. Grini yenye mbio za kadiri hupendeza, na mkono wenye utulivu hupata thawabu yake hapo. Ninalosema ni kwamba mbio zafaa zije nyuma ya ugumu. Ardhi ikiwa kavu na imara, majani yaweza kuachwa marefu kidogo na mpira ukaenda vizuri. Ardhi ikiwa godoro la maji, hakuna kisu kitakachoitengeneza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao ugumu uko mvunguni kabisa, mahali ambapo wageni wa siku ya mashindano hawaoni na stimpimita haifiki.

Namaliza kwa ombi kwa Kamati ya Michezo ya shule yetu. Kiwanja chetu cha mpira, mbele ya goli lililo upande wa bwalo, huwa matope wakati wa masika, na kila mwaka tunakata majani yake mafupi zaidi tukidhani ndiyo dawa. Nimepachimba kidogo kwa jembe, kwa ruhusa ya mwalimu wa kilimo. Chini yake pana tabaka la mabua yaliyooza, unene wa kidole gumba, nalo linanuka maji yaliyolala. Mchanga uko mtoni, mwendo wa nusu saa, na uma ziko ghalani. Kidato cha Nne tuko tayari kuanza kutoboa Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, kabla mvua hazijaanza, na mjomba amekubali kuja kutuonyesha.